Mtungi Uliorudi Umejaa

Kwenye kituo cha wazamiaji walimwita Bi Geji. Jina hilo alikaa nalo siku mbili akilichunguza, na alipoona halina tusi ndani yake akalikubali.

Kazi yake ilikuwa ya sehemu mbili. Ya kwanza ni kujaza hewa mitungi ya wazamiaji kwa kompresa iliyonguruma kwenye banda la nyuma. Ya pili ni kuosha kwa maji ya bomba kila kilichorudi kutoka baharini: suti za mpira, miwani, mapezi ya miguuni, buti, na ile mipira ya kupumulia ambayo ukiipuuza wiki moja tu chumvi inaifanya iwike kama jogoo. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi hiyo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia kichwa chake ndani ya bahari. Kuogelea kwenyewe hakujui.

Kilichompa jina ni geji ya mitungi, kile kipimo chenye sindano kinachoonyesha hewa iliyobaki. Mtungi mtupu na mtungi uliojaa, ukiitazama kwa macho, ni mapacha: rangi moja, kimo kimoja, na uzito haupishani sana. Anayesema ukweli ni geji peke yake, na hata yeye sindano yake hukwama, kwa hiyo unaigonga kwa ukucha kabla ya kuisadiki, na wasiwasi ukizidi unafunga geji ya pili. Sheria hiyo ya bandani Bi Geji aliichukua akaitumia kwa binadamu. Tusimlaumu haraka. Miaka saba alimfulia mumewe nguo na hakuona kitu, mpaka siku ya mazishi walipojitokeza watoto wawili wasiojulikana, wote na pua ya marehemu. Tangu hapo akaapa kwamba nguo haitampita tena mikononi bila kuhojiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na yeye nguo ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo bahari aliijua kwa kufua. Mtu akirudi kutoka Uwanja wa Taa, mahali ambapo samaki taa hujifukia mchangani wakabaki macho tu, buti zake humwaga mchanga mweupe laini kama unga. Akirudi kutoka Bustani, kwenye matumbawe mafupi, goti la suti likiwa na mikwaruzo, Bi Geji anajua kuna mgeni aliyepiga magoti juu ya kiumbe hai, na atamtazama kwa jicho baya mpaka aondoke. Anayerudi kutoka Ukuta, ule mwamba unaoshuka wima mpaka mwanga unakwisha, haji na mchanga wala majani. Anakuja na suti ya baridi na mtungi uliokaribia kwisha, maana kadiri mtu anavyoshuka ndivyo hewa inavyoliwa haraka. Halafu kuna Majanini, maji ya kiunoni, ambako hakuna mzamiaji mwenye kazi anayekwenda. Huko huenda kasa kula majani, na jongoo bahari kulala.

Samaki nao aliwajua kwa masimulizi ya wageni wakinywa chai, na karibu wote aliwashuku. Pweza anayebadilisha rangi mbele ya macho yako ana la kuficha. Mkunga anayekaa tunduni mdomo wazi kutwa nzima anasubiri siri za watu. Na yule chewa mkubwa wa Ukuta, ambaye wageni walimsifu kwamba huwafuata nyuma kama mbwa wa nyumbani, anawafuata kwa lipi hasa?

Mkwe wake alikuwa mzamiaji wa kituo hicho hicho. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani kujitambulisha, badala ya kuulizia afya za watu, alisimulia habari za samaki msafishaji. Kuna samaki mdogo wa bluu, alisema, mwenye kijiduka chake kwenye matumbawe. Samaki wakubwa humjia awatoe wadudu. Wanapanga foleni, wanafungua midomo, na hakuna anayemla. Kisha kuna mwingine aliyefanana naye rangi na mwendo, anayecheza ngoma ile ile mlangoni. Mkubwa akijisogeza asafishwe, anang'olewa kipande cha nyama, na mwizi keshatoweka. Binti wa Bi Geji alicheka mpaka akapaliwa. Mama mtu aliweka kikombe chini, akajiuliza mtu anayejua mambo ya matapeli vizuri namna ile kayajulia wapi.

Hata hivyo kosa hakumpata nalo. Kijana alikuwa na adabu, hanywi, harudi kwa kuchelewa. Wakaoana, wakapata mtoto, na wote wakakaa nyumba moja ya vyumba viwili: kimoja cha wanandoa na mtoto, kingine cha Bi Geji na cherehani ya binti, aliyekuwa akishona mapazia ya watu. Mwaka wa kwanza geji ilisoma vizuri.

Mambo yakaanza kwenda upande. Miezi miwili sasa mkwe alikuwa amebadilika. Ukimsemesha hakutazami usoni. Anageuza uso kando kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ukimwita kwa nyuma anapita, halafu baadaye anatabasamu kama vile hukuita. Mtoto akilia alfajiri yeye amelala fofofo, ubavu wa kulia, kama gogo. Hadithi za samaki zilikwisha. Binti naye alipoa: chai aliiacha ikapata utando, na jioni moja mama yake alimkuta kwenye cherehani akifumua na kutanua gauni lake mwenyewe, macho mekundu. Bi Geji aliyaona yote hayo, akayapanga, akayafungia kichwani. Dalili ya mvua ni mawingu.

Na muda ulikuwa mfupi. Mwenye kituo, ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa anafungua tawi kwenye kisiwa cha pili, mwendo wa saa mbili kwa boti, na alihitaji kiongozi wa wazamiaji. Pamoja na cheo kulikuwa na nyumba. Bosi alikuwa amempendelea mkwe waziwazi. Ilibaki mtihani wa Jumamosi, aongoze wageni sita mpaka mita thelathini pale Ukuta, Bosi mwenyewe akiwa nyuma akitazama. Akifaulu, wiki ya pili yake anahama na mke na mtoto. Hilo ndilo lililomkosesha Bi Geji usingizi. Binti yake wa pekee angechukuliwa kisiwani, mbali na macho yake, na mtu ambaye geji yake imeanza kucheza. Alitaka kujua ukweli kabla ya Jumamosi.

Jumatatu mtungi ukasema.

Ulikuwa msimu wa wageni wachache, na wiki hizo mkwe alipewa kazi ya kukagua kamba za maboya, yale ambayo boti hufungwa ili zisitupe nanga juu ya matumbawe. Alikwenda kila asubuhi na nahodha wa boti ndogo, mzamiaji pia, mtu mwema asiyesema maneno kumi kwa siku, wakamwita Kimya. Waliondoka na mitungi miwili. Jumatatu waliporudi wakasema wamekagua Ukuta. Bi Geji akafunga geji mtungi wa kwanza, wenye utepe mwekundu, wa Kimya: arobaini. Sawasawa, huyo kashuka. Akafunga wa pili, wenye utepe wa njano, wa mkwe: mia moja tisini. Asubuhi yote miwili iliondoka imejaa, mia mbili kila mmoja.

Akaigonga geji kwa ukucha. Sindano haikutikisika. Akaleta geji ya pili. Mia moja tisini.

Akamfuata Kimya aliyekuwa akikunja kamba. "Leo mmeshuka wote wawili?"

Kimya alitazama kamba, akatazama boti. "Kazi imekwisha, Bi Geji."

"Sikukuuliza kazi. Nimeuliza mmeshuka wangapi."

"Kamba ni nzima," akasema Kimya, na hayo yalikuwa maneno yake ya siku nzima.

Jumanne akaziosha buti za mkwe kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, juu ya beseni jeupe. Vikatoka vipande vya majani ya bahari, mabichi, vya kijani. Siku hiyo nayo walisema Ukuta. Ukuta hakuna jani hata la dawa. Majani yako Majanini, na Majanini ni maji ya kiunoni yanayokwenda mpaka ufukweni, na nyuma ya ufukwe ule kuna nyumba za watu. Akaingiza vidole mpaka kwenye ncha ya buti ya kushoto, akatoa kitu laini. Ulikuwa mpira mdogo wa pamba, wa njano kidogo, unanukia mafuta matamu.

Bi Geji aliishika pamba ile kwenye mwanga wa mlango. Mwanamume anayezamia anahitaji pamba ya nini? Pamba ni ya mtu anayefuta rangi ya kucha, anayejipaka na kujipangusa mbele ya kioo. Hesabu ikajijibu yenyewe. Kimya anamshusha mwenzake Majanini, anakwenda Ukuta peke yake kufanya kazi ya wawili, na akirudi anampakia. Kati ya hapo mkwe yuko nchi kavu, kwenye nyumba yenye pamba na mafuta mazuri. Akaikunja pamba ndani ya pindo la kitenge. Miaka saba ya kufua ilimrudia yote kwa pamoja.

Mkwe ni mkwe. Huwezi kumvaa usoni ukamwambia neno kama hilo. Lakini mtoto wako unaweza kumwambia, na Jumanne hiyo hiyo, binti akiwa kwenye cherehani, Bi Geji alimwambia. Alianza na mtungi, akaja kwenye majani, akamalizia na pamba.

Binti alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Hakubisha, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Alitegemea binti abishe.

"Nitamuuliza," binti akasema.

Jumatano asubuhi, mume alipokwisha kutoka, binti alikuja jikoni na mtoto kiunoni. "Nimemuuliza, mama. Kitandani, sikioni kabisa, usije ukasikia ugomvi. Nikamwambia, kama una mtu mwingine niambie sasa, kabla hatujahama."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza. Alikuwa macho, naona kope zinacheza. Akanyamaza tu."

"Anayenyamaza amekiri," alisema Bi Geji.

Basi binti akaacha kumsemesha mumewe, akaanza kukunja nguo. Alisema Ijumaa atakwenda kwa shangazi yake, yeye na mtoto, na Jumamosi huyo bwana apande cheo chake peke yake. Bi Geji alikuwa ameshinda kesi, lakini ushindi wenyewe haukumfurahisha.

Ijumaa asubuhi aliamua kuvunja heshima. Alikuta mkwe amekaa kwenye benchi mbele ya birika la kuoshea, ameinama anavaa buti, bega la kushoto limeelekea bandani. Hakukuwa na mtu. Kompresa ilikuwa imezimwa. Akamkaribia mpaka hatua mbili, na kwa kuwa mkwe ni mkwe, akaishusha sauti.

"Baba, huyo mwanamke wa Majanini ni nani?"

Mkwe alivuta zipu ya buti.

"Nakuuliza kwa heshima. Pamba yake ninayo hapa."

Mkwe akachukua buti ya pili, akaikung'uta, akaanza kupiga mluzi mdogo. Damu ilimpanda Bi Geji mpaka kwenye masikio. Kiburi cha namna hii hata marehemu mumewe hakuwa nacho. "Wewe ni mwongo," akamwambia, kwa sauti ile ile ya chini, maneno aliyoyalea kwa siku tano. "Umemwingiza mwanangu kwenye moto."

Mluzi uliendelea, mtamu, bila kukatika hata mahali pamoja.

Hapo ndipo mkono wa kazi ulipomshinda moyo wa hasira. Sindano isipotikisika kabisa, hata pale inapopaswa kuruka, fundi halaumu hewa, anashuku geji. Bi Geji alizunguka benchi polepole, akatokea upande wa kulia, akasimama mbali kuliko mwanzo, akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Chai ipo."

Mkwe aligeuka mara moja. "Asante, mama. Shikamoo. Sikukuona."

Bi Geji hakuitikia salamu. Alisimama pale huku miezi miwili ikijipanga upya mbele yake: uso unaogeuzwa kando, majina yanayoitwa na hayaitikiwi, mtu anayelalia sikio lake zima na kumwachia mtoto lile lililokufa. Alifungua pindo la kitenge, akaweka pamba kwenye kiganja cha mkwe.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Mkwe aliifumba pamba kiganjani. Alijaribu kucheka, ikamshinda. Akaeleza akiwa amekaza macho kwenye buti zake. Alikuwa na mafua, lakini wageni walikuwa wamesubiri wiki nzima, akashuka Ukuta hivyo hivyo. Sikio la kushoto likagoma kufunguka, akalilazimisha, likapasuka kwa mlio kama wa kijiti. Maji yakaingia, na hapo bahari ikazunguka. Juu ikawa chini, akaona mapovu yake mwenyewe yanakwenda kando, na lau Kimya asingemkamata kwa mtungi angeogelea kuelekea kilindini akidhani anapanda. Tangu siku hiyo anatia matone ya mafuta na pamba. Kimya anashuka kwa niaba ya wote wawili, na yeye humwaga hewa ya mtungi wake kabla ya kurudi, ila Jumatatu alisahau. Yeye hukaa Majanini, maji ya kiunoni, anatia kichwa na kutoa, anatia na kutoa, ajaribu kama limepona.

"Na limepona?"

"Jana nilizamisha kichwa, nikashindwa kusimama. Kasa alinipita, na mimi nimeshika majani nisianguke."

"Daktari?"

"Daktari ataandika barua, mama. Barua ikimfikia Bosi, sizamii tena. Nitakuwa nani?" Akafuta uso. "Kesho nitashuka polepole. Mara moja tu. Nikishapata cheo nitawatuma wengine kilindini."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nakuomba usimwambie Bosi. Binti yako amebanana kwenye chumba kimoja mwaka wa pili huu. Nyumba ile ni yake. Na tangu Jumatano haniongeleshi, sijui nimemkosea nini."

Bi Geji alijua, lakini ulimi ulikuwa mzito. Watu wa kushuku wana aibu yao, na ni nzito kuliko ya wengine kwa sababu hawajaizoea. Alisema tu, "Bosi hatasikia kwangu," akaingia bandani akafunga mlango. Alipofika nyumbani jioni, binti na mtoto walikuwa wameshaondoka.

Jumamosi, jua halijachomoza sawasawa, mitungi kumi na miwili ilisimama bandani imejaa, kwa kazi safi ya mikono yake. Bi Geji aliitazama. Angemwambia Bosi, angevunja ahadi na kumvunja kijana. Angenyamaza, kijana angeshuka mita thelathini na bahari ingemzunguka tena, safari hii na wageni sita nyuma yake wakimfuata kwa imani, hata kule ambako siko. Akashika koki ya mtungi wa kwanza, akaifungua. Hewa ikatoka ikipiga kelele mpaka koki ikapata ukungu wa baridi. Akaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mbili.

Bosi alikuja mbio na kikombe mkononi, wageni nyuma yake, mkwe nyuma ya wageni, buti tayari miguuni. "Bi Geji, unafanya nini?"

"Namwaga. Hewa ina harufu ya mafuta."

Hapa inafaa msomaji aelewe. Hewa yenye harufu ya mafuta au moshi ndiyo kitu pekee kinachoogopwa na kila kituo cha kuzamia. Juu unaivuta unakohoa. Chini inakulaza usingizi, na kule usingizi hauna kuamka. Bosi alipiga magoti akanusa koki ya mwisho. "Mimi sisikii kitu."

"Mimi nimesikia."

Bosi alimtazama mwanamke huyu aliyeshuku samaki, wageni, hali ya hewa na chai ya kituo, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kusema uongo hata wa adabu. Akaweka kikombe chini. Aliwageukia wageni akawaambia hakuna kuzamia leo, wala kesho, mpaka fundi wa kompresa aje kutoka mjini, siku tisa au kumi. Wageni wawili wakasema kwa sauti kwamba kituo chenye hewa mbovu hawataki hata kukisikia. Maneno hayo yalimwingia Bi Geji kama maji ya chumvi kwenye kidonda, naye aliyasikiliza yote.

Wengine walipoondoka, mkwe alisogea. Alimwelekezea sikio la kulia bila kuficha sasa. "Mama, hewa ilikuwa safi."

"Ilikuwa safi."

"Na wewe husemi uongo."

"Ndiyo maana wameuamini. Umepata siku kumi. Mtafute daktari wa masikio leo hii, si kesho."

Fundi alikuja siku ya tisa, akafungua kompresa nzima, akaandika kwamba haina tatizo na haijawahi kuwa nalo. Kufikia hapo mkwe alikuwa amekwisha kwenda kwa Bosi mwenyewe, na barua ya daktari mkononi: sikio limetoboka, asizamie, na huenda asirudi kilindini kamwe. Cheo kilikwenda kwa Kimya, ambaye alishukuru kwa maneno manne. Mkwe akapewa boti. Bosi alizisoma karatasi zote mbili, ya daktari na ya fundi, akazilinganisha, akatazama bandani. Hakumfukuza mtu. Ila tangu siku hiyo kila mtungi anaoujaza Bi Geji hunuswa na mtu wa pili kabla ya kupanda botini, naye husimama pembeni, mikono imekunjwa, akisubiri aambiwe kwamba ni salama.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile ile, mikono bado ina baridi ya koki, Bi Geji alikwenda kwa shangazi wa binti yake. Alimkuta binti uani, amekaa kwenye kigoda, mtoto anacheza na vifungo vya begi lisilofunguliwa.

"Mwanangu, ile Jumanne ulipomuuliza kitandani, ulimuulizia wapi?"

"Si nilikwambia. Sikioni."

"Sikio lipi?"

"Mama, sikio ni sikio."

"Lipi?"

Binti alinyoosha mkono hewani, kama vile kichwa cha mumewe kiko pale juu ya mto, akakipapasa apate upande. "Hili la juu. La kushoto. Ndiko ninakolala."

Bi Geji akakaa chini, kwenye sakafu, akamweleza: mafua, mlio wa kijiti, Majanini, pamba. Akamwambia na lile lililomwia gumu kuliko kumdanganya Bosi, kwamba mwanamke hakuwepo, kwamba alimtengeneza yeye mwenyewe kwa pamba na majani, na maji yakishamwagika hayazoleki ila anaomba msamaha hivyo hivyo. Binti alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo hakunisikia."

"Hakukusikia."

"Wala ile ya mwezi uliopita?"

"Ipi ya mwezi uliopita?"

"Nilimwambia jambo. Sikio hilo hilo. Nikasubiri. Akajigeuza akalala, nikajua halitaki." Akamvuta mtoto karibu. "Ndiyo maana uliponiambia habari za mwanamke sikubisha."

"Jambo gani, mwanangu?"

Aliweka kiganja juu ya tumbo, pale ambapo gauni lilikuwa limetanuliwa mishono, akakiacha hapo. Bi Geji alilitazama gauni lile. Lilipita mikononi mwake kila wiki, alilifua, akalianika, akalikunja, na hakuona kitu.

Alinyanyuka, akachukua begi kwa mkono mmoja na mjukuu kwa mkono wa pili.

"Twende ukamwambie upya," akasema. "Na ukifika, kaa kulia kwake."